Wifi Yako Ameitwa Mahakamani

Kihambani kwetu, juu ya Kwa Sadala,
S.L.P. ya Usharika, Hai,
Kilimanjaro.
Ijumaa, 13 Oktoba 1995

Mpendwa mdogo wangu Yuditha,

Marahaba. Najua umeniamkia moyoni mara tu ulipoona mwandiko wangu, na kama hujaniamkia, niamkie sasa kabla hujasoma mstari unaofuata. Mimi bado ni kaka yako hata kama Tabora imekunenepesha.

U hali gani? Goti lako je, lile la kushoto linalojua mvua kabla ya redio? Na shemeji Yoramu, bado anakohoa kama treni inayopanda mlima? Mwambie aache kujipaka asali kifuani. Asali inaliwa. Wajukuu nao natumaini hawajambo na wanashiba, ingawa najua huko mnakula ugali asubuhi, mchana na jioni, na ndizi mnaziona kwenye kalenda. Poleni sana.

Huku sisi tu hai. Vuli imeanza kwa manyunyu. Ng'ombe amezaa dume, tulitaka jike lakini hakutuuliza. Meno yangu yamebaki machache na hayo machache hayasalimiani. Mlima umejifunika mawingu wiki nzima, mgeni akija utamwapia kwamba upo.

Hizo zilikuwa salamu. Sasa kaa chini, mdogo wangu, na miwani uivae vizuri.

Wifi yako Mektrida ameitwa mahakamani. Jumatatu hii anatakiwa mahakama ya mwanzo, huko chini barabarani, akajibu kosa la kung'oa mibuni. Na kilichompeleka huko ni mdomo wangu mimi. Tangu jana naogopa. Pikipiki ikilia barabarani najikuta nimo ndani ya migomba, sijui nimefikaje. Barua hii itakufikia mambo yakiwa yameshaamuliwa, kwa hiyo sikuombi ufanye lolote. Nakuandikia kwa sababu nikinyamaza nitapasuka, na hapa wa kumwambia hayupo. Wazee wenzangu watacheka, na mchungaji atanisomea Zaburi nzima nikiwa nimesimama.

Nianze mwanzo, maana najua wewe ukichanganyiwa habari unaanza kusoma kutoka chini.

Unaikumbuka ile kahawa ya baba ya upande wa chini, karibu na mfongo, mfereji wetu wa maji. Ilizeeka vibaya. Dawa ya mrututu haishikiki siku hizi, na mbuni usiopuliziwa unatoa matunda meusi kama mavi ya mbuzi. Wanunuzi wa binafsi wamekuja na magari yao mapya, sawa, lakini utamuuzia nini mtu kutoka kwenye mti mgonjwa? Mektrida kila siku alikuwa ananiambia, "Meku, mzee wangu, kahawa yako inanyima jua ndizi zangu." Na desturi yetu unaijua. Kahawa ni ya baba, ndizi ni za mama. Kahawa mzee anauza, halafu hela inapitia kwenye pombe ya mbege kabla ya kufika nyumbani. Ndizi mama anapeleka sokoni na watoto wanaonekana wamekula.

Basi mwezi wa pili mwaka huu nikachoka kusikia. Nikashika shoka na jembe nikaing'oa ile ya upande wa chini yote, na Mektrida akapanda migomba ya mchare. Visiki nikavifunika na majani makavu ya migomba kama mtu anayeficha maiti. Maana sheria unaijua nayo: mbuni ni wako siku ya kupalilia, siku ya kuung'oa ni wa serikali. Faini, au kifungo, au vyote viwili hakimu akiamka vibaya. Nilikaa kimya, nikaendelea kwenda ibadani na kuimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwezi wa nane akaja mtu anaitwa Jovin.

Huyu Jovin anagombea ubunge uchaguzi huu wa mwisho wa mwezi, kwa chama kidogo ambacho jina lake ni refu kuliko wanachama wake. Ni mtu wa makamo, mwembamba, miwani kama chini ya chupa. Kabla ya siasa kazi yake ilikuwa kuonja kahawa huko mjini Moshi. Anaivuta kwenye kijiko kwa kelele, anaizungusha mdomoni, halafu anaitema kwenye ndoo. Nilipoambiwa nikasema, kumbe sisi tunapalilia mwaka mzima ili bwana mmoja apate cha kutema!

Alisimama juu ya pikapu kwenye kiwanja karibu na soko, na kipaza sauti kinachokwaruza. Wenzake wote waliomtangulia walikuwa wametuahidi, huyu barabara, yule zahanati, mwingine maji yatakayopanda mlima yenyewe. Jovin akasema, "Wazee wangu, mama zangu, mimi mkinichagua sitawaletea kitu. Nitawaondolea." Tukacheka. Tukajua amepitia kilabuni.

Lakini akaanza kutaja atakavyoviondoa. Sheria ya kukataza mtu kung'oa kahawa yake. Kibali cha kupika mbege. Kodi ya kichwa. Mtu wa kukupangia umuuzie nani na lini. Akasema mtu mzima ni mali yake mwenyewe, na jasho lake ni lake, na serikali ikifika kwenye mimea ya masale mpakani kwako ivue kofia, ipige hodi, na ikiambiwa hapana, irudi ilikotoka.

Yakobo, yule jirani yetu mwenye mashine ya kusaga, akanyoosha mkono. "Sasa wewe kijana, kama serikali itarudi ilikotoka, barabara atatengeneza nani?"

Jovin akamwuliza, "Baba, mfongo unaomwagilia migomba yako ulichimbwa na waziri gani?"

Yuditha, kiwanja kizima kiligeuka kumtazama Yakobo. Mfongo babu zetu waliuchimba wenyewe kutoka msituni. Wakapangiana zamu za maji wenyewe, na aliyeiba zamu ya mwenzake akatozwa mbuzi, wakamla pamoja naye. Hapakuwa na waziri hata mmoja. Yakobo alikaa chini taratibu akawa anakagua kofia yake kama mtu aliyeiokota.

Mimi ni wa darasa la nne la Wamisheni, mambo makubwa siyajui. Lakini nimesikiliza hotuba tangu ndevu zinaota, na kila aliyekuja alikuja kunilea. Mara nipande hiki, mara nihamie kule, mara nichangie, mara nipige makofi. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia kwamba nimekua. Machozi yalinitoka nikasingizia vumbi, na siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha.

Sasa ndipo nilipoharibu. Nilitaka kumshukuru mbele ya watu, na mkononi sikuwa na kitu. Nikasema nimpe isale, jani la yale masale aliyoyataja, nimwambie, "Mwanangu, mpaka wenyewe ndio huu." Nikaenda pembeni kwenye uzio wa kihamba cha jirani, shamba lake la nyumbani, nikachuma isale moja refu zuri. Nikarudi nikipenya katikati ya watu. Na mikono yangu, wajinga hawa wawili, wakati mimi natafuta maneno ya kusema, wao wakalifunga fundo.

Najua umeshashika mdomo. Kama shemeji Yoramu anakusikiliza ukisoma, mweleze huyo Mnyamwezi wako: isale bila fundo ni mpaka, au ni jani tu. Likiwa na fundo ni mtu aliyekosa anakuja kuomba msamaha, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Tumefunga mafundo hayo tangu utoto, ndiyo maana mikono haikuniuliza.

Nikamkabidhi. Jovin amekulia mjini, Uchagga wake ni wa jina. Akalipokea akicheka, akalichomeka mfuko wa shati. Watu wote wakaona Meku Ebenezeri ameomba radhi na amesamehewa. Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu anamwuliza mwenzake, "Kamfanyia nini?"

Wiki nzima walinitafutia dhambi. Wengine walisema nilimwibia Jovin mbuzi. Wengine walisema nilimtukana marehemu mama yake. Hilda wa kilabuni alisema ni mambo ya mwanamke, nikamshukuru kwa heshima aliyonipa katika umri huu. Nilicheka nao. Unanijua, nikiogopa nacheka, na nikicheka watu wanasahau walichotaka kuniuliza. Nimeishi hivyo.

Lakini Eliufoo hakusahau. Eliufoo ni mwenyekiti wetu wa kijiji sasa, yule rika langu mwenye miguu ya upinde, tuliyeingia naye jandoni, na alilia kuliko mimi. Alikaa mwezi mzima akiwaza: mtu hapeleki isale bure, kosa lipo, litafutwe. Akaja na mtendaji wa kata na bwana shamba. Hodi walipiga, hilo niseme kweli, lakini walipiga wakiwa tayari wamefika jikoni. Wakateremka mpaka chini kwenye mfongo. Bwana shamba akasukuma majani kwa kiatu, kisiki kikatoka. Akasukuma tena, kingine. Mimi nilikuwa nimeshika mgomba mmoja, tukawa tunatetemeka wote wawili.

Mtendaji ni kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Akasema, "Mzee, hili ni kosa." Eliufoo akanivuta pembeni kirafiki, akaniongelesha Kichagga, na Kichagga cha Eliufoo huwa kitamu akitaka kitu.

"Isale lako umelipeleka pasipo pake," akasema. "Lilete kwetu. Alhamisi ya tarehe kumi na mbili kuna baraza. Wewe simama useme Jovin ndiye aliyekutuma kung'oa. Ukisema hivyo, umeomba, na sisi tumepokea. Unarudi kunywa mbege yako."

"Na Jovin?"

"Jovin ataitwa kwa uchochezi. Hiyo si kazi yako."

Umeona ujanja? Walitaka kumtoa kwenye uchaguzi kwa ulimi wangu. Na wao wanajua, na mimi najua, kwamba visiki vile vina umri mkubwa kuliko safari ya Jovin. Mwezi wa pili Jovin alikuwa bado mjini, anatema.

Sikulala vizuri, sikula vizuri, na mtori wa Mektrida nilimpa mbwa, akashangaa. Ungedhani nilikuwa naamua kati ya haki na dhambi kama wale wa mahubiri. Hapana. Nilikuwa nimeshaamua kumsema Jovin. Niliogopa jela, Yuditha. Niliogopa sakafu ya saruji, na ndoo, na kupangwa mstari na vijana wa bangi. Nilijiambia Jovin ana elimu, atajitetea. Nilijiambia hata hivyo hatashinda, ana pikapu moja na watu wanampenda tu, hawatampa kura. Niliyapanga maneno yangu vizuri kabisa.

Ila kila nilikopita nilimkuta yeye, yaani maneno yake. Sokoni wanawake wanabishana kama mwenye ndizi apangiwe bei. Baada ya ibada wazee walimbana mchungaji, je, sadaka ya mavuno ikipangwa kiasi bado ni sadaka? Mchungaji akasema atalijibu Jumapili ijayo, na Jumapili ijayo akaugua. Mtoto wa Yakobo alimfukuza kuku wetu shambani kwao akimwambia, "Piga hodi!" Miaka yote hiyo tulikuwa tunasikiliza tu, halafu tunatawanyika. Sasa watu wanaulizana. Ukitaka kujua kwa nini namshukuru mtu huyu ambaye hata kura hatapata, ni hilo. Alituachia swali mdomoni, na hatuwezi kulitema.

Basi jana ikawa Alhamisi. Ofisi ya kijiji ilijaa, wengine madirishani. Nilivaa koti la harusi ya mwanetu Godwin. Mektrida alikaa nyuma kabisa na wanawake, anasuka kikapu kana kwamba amekuja kungoja zamu ya kinu.

Eliufoo akasema, "Meku Ebenezeri, simama. Mibuni uliing'oa?"

"Niliing'oa."

"Nani alikutuma?"

Mtendaji akafungua kalamu. Midomo yangu ilikuwa imeshajikunja kusema "Jo." Nakwambia ukweli, ilikuwa imeshajikunja. Nikaiona ile kalamu inangoja juu ya karatasi, imenyooka kama sindano, na nikafanya nilichozoea kufanya nikiogopa. Nikafanya mzaha.

Nikasema, "Mke wangu."

Wakacheka mpaka bati likalia. Yakobo alianguka kutoka kwenye benchi. Eliufoo mwenyewe alicheka, maana kwake ni hivyohivyo, anaamriwa hata soksi. Nikajua nimepona. Nikaanza hata kuinama kama mwimbaji.

Mtendaji hakucheka. Akauliza, "Huyo mke yuko wapi?"

Kicheko kikaisha kidogo kidogo. Mektrida akaweka kikapu chini, akajifunga kanga upya, akasimama.

"Niko hapa."

"Mama, ni kweli ulimtuma mzee ang'oe kahawa?"

"Ni kweli."

"Na wewe nani alikutuma?"

"Mimi?" Akamtazama kama anavyotazama ndizi iliyoiva upande mmoja. "Mwanangu, mimi mara ya mwisho kutumwa ni mama yangu alinituma maji, kule Kibosho, sijaota matiti. Tangu hapo sijatumwa."

Wanawake wakaguna. Mtendaji akasema, "Jovin hakukwambia?"

"Jovin amekuja juzi. Migomba yangu ina vichipukizi. Nenda ukaiulize."

Eliufoo akaona mambo yanamponyoka. Akalainisha sauti, "Mama Godwin, tusifike mbali. Sema pole tu, tumalize."

"Pole ya nini? Nani ameumia?"

"Sheria inamtaja mkulima," mtendaji akasema, "na mkulima ni mumeo."

"Nani anapalilia?" Mektrida akauliza. Hakumwuliza yeye, aliwauliza watu wote. Hakuna mwanamume aliyeinua macho, na mimi nilikuwa wa kwanza kutoinua. "Basi andika mkulima ni mimi. Na jina uliandike vizuri, Mektrida, usije ukaandika Matilda. Padri aliyenibatiza alilitafuta sana."

Kijana akaandika, na chini ya jina akaandika Jumatatu, mahakama ya mwanzo. Kalamu yake niliisikia inakwaruza, Yuditha, na mpaka sasa inakwaruza. Jovin amesalimika, hakutajwa popote. Mimi nimesalimika. Aliyeandikwa ni yeye.

 Tulipofika nyumbani nilimwambia nitakwenda kesho yake, yaani leo, kwa mtendaji, nimwambie futa jina hilo, shoka nililishika mimi.

Akaniuliza, "Ulisema uongo barazani?"

"Hapana."

"Basi unakwenda kusema nini?"

"Nitakusemea kwamba wewe ni mwanamke tu, hukujua sheria."

Alikuwa anamkamua ng'ombe. Hakugeuka. Akasema, "Usinisemee, Ebenezeri."

Jina langu hajalitamka hivyo tangu nimemwoa. Ni Meku, au Baba Godwin, au nikikosea sana ni "wewe." Akaendelea, maziwa yanaingia ndooni, "Ulipiga makofi mpaka mikono ikavimba, yule mtu aliposema mtu mzima ni mali yake mwenyewe. Ulidhani anakusema wewe peke yako?"

Nikaenda kumkatia ng'ombe majani. 

Leo asubuhi Jovin mwenyewe alikuja. Alikuwa amesikia. Alisimama nje kwenye masale, kofia mkononi, akapiga hodi kama Mkristo. Akamwambia Mektrida yuko tayari kuja Jumatatu asimame mahakamani, aseme sheria yenyewe ndiyo mbovu, na waandishi wa magazeti atawaleta. Macho yake yaling'aa. Mektrida akamkaribisha kiti, akampa kiburu, ndizi na maharage, kwenye sahani ile nzuri, akamwacha ale mpaka mwisho. Halafu akamwambia, "Baba, hodi nimeisikia, asante. Lakini hapana." Jovin akaweka kijiko kwenye sahani. Kisha, sifa yake nimpe, akavaa kofia akarudi alikotoka. Nilimsindikiza hadi barabarani nikamshukuru kwa mdomo, safari hii mikono nimeitia mifukoni.

Najua unataka kuniuliza kama bado namshukuru. Nimejiuliza hilo mchana kutwa. Namshukuru, huku meno yangu yale machache yakigongana. Aliniambia nimekua nikafurahi, na sikujua kwamba mtu aliyekua hana mahali pa kujificha. Kura yangu nitampa. Usimwambie mtu, hata Yoramu.

Lakini ninavyoogopa sijapata kuogopa. Hakimu simjui. Wengine wanasema atamwonya tu, wengine wanasema karibu na uchaguzi watataka mfano. Watu wananiuliza mzaha, nani atakupikia wakimfunga? Na mimi nawajibu mzaha, nasema nitaoa Mluteri safari hii. Nikifika nyumbani nakaa kwenye kigoda nasikiliza anavyopumua. Ana ile miguu inayovimba. Ana ile rozari anayoificha chini ya mto akidhani mimi Mluteri sijui, na mimi nimekuwa naigusa kila ninapotandika kitanda, nione kama ipo. Nyumba hii sijawahi kulala bila yeye, isipokuwa alipokwenda kujifungua.

Ameshafunga kikapu cha Jumatatu, endapo watambakiza. Blanketi, sabuni, ndizi za kuchoma, ile rozari. Amemwachia Violet, mkwe wetu, maagizo ya ng'ombe. Mimi hakuniachia maagizo. Nilimwuliza, na mimi je? Akasema niamue mwenyewe.

Nimeamua. Nilimwomba anikubalie nimbebee hicho kikapu. Unajua wazee wa huku tunavyotembea, mwanamume mbele na fimbo yake, mama nyuma na mzigo, tangu mababu. Alikipima kikapu mkononi, nikahisi nitaambiwa hapana kama Jovin. Akasema sawa. Basi Jumatatu asubuhi, mdogo wangu, wakati pengine barua hii bado iko kwenye gunia la posta, wifi yako atashuka mlima akiwa mbele, mikono mitupu, na mimi nitakuwa nyuma yake na kikapu, kupita sokoni kwenyewe, watu wakitazama. Nikifika mlangoni kwa hakimu sitasema kitu mpaka niulizwe. Nikiulizwa nitajibu nilichofanya mimi, shoka na jembe, basi. Ya kwake atasema mwenyewe. Niombee ulimi utulie.

Nisalimie shemeji Yoramu na kikohozi chake. Msalimie mwanao Goodness na mumewe, na yule mtoto wao aliyenirithi masikio, mpe pole. Godwin na Violet wanakusalimu. Yakobo anakusalimu, anasema bado unamdai ngoma, hakusema ngoma gani na sikutaka kujua. Mektrida anakusalimu kwa namna yake, yaani amesema, "Unamwandikia nani kurasa zote hizo, taa inakula mafuta."

Bwana aliyewalinda kwenye treni na kwenye njaa awalinde na kwenye habari zangu. Afungue mlango wa Jumatatu, na aufungue tena sisi wawili tutoke.

Ni mimi kaka yako anayekupenda, mwenye kikapu,

Ebenezeri